Mume wa Kijapani Aliyesema Kiswahili Macquarie Fields

Tulipomzika Baba Riziki mwezi uliopita, mchungaji alisoma wasifu wake pale ukumbini: alizaliwa Uvira kule Kongo, akaongoza kwaya, akaishi kambini, akaja Sydney, akafanya kazi ghalani mpaka mgongo ulipomkataza. Alipomaliza, mjane akainuka akaomba kuongeza jambo. "Mumesahau kusema kama bwana yangu alikuwa mucheza filamu," akasema. Vijana wakatazamana. Sisi wa zamani tuliokaa nyuma tukaanza kucheka huku machozi yanatutoka, na mama mmoja akanigusa bega: "Haya mwalimu, simama. Kazi yako hiyo." Nikasimama. Nina mvi sasa, na kwa miaka mingi nimefundisha habari za sinema mbele ya watu wenye majina makubwa, lakini sijawahi kutambulishwa mahali popote nikajiona nimefika kama siku ile, nimevaa kanga nyeusi, nimeshika sahani ya wali. Wasiojua wakaniuliza ilikuwaje, nikawaeleza kwa kifupi, maana msibani si mahali pa hadithi ndefu. Hadithi yenyewe ndiyo hii.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi, sijatimiza miaka thelathini, nakaa Kensington karibu na chuo, enzi hizo bado tunasafiri kwa basi kwani treni za barabarani hazijaja. Nyumba tulipanga wawili, mimi na Akinyi, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akisomea ufamasia. Yeye alikuwa na chumba. Mimi nilikuwa na sebule, niliyoigawa kwa pazia nikaiita chumba. Chini yetu palikuwa na duka la kufulia nguo, na mashine zake zilizunguka mchana kutwa hata vikombe vikawa vinatetemeka kabatini. Akinyi akizungumza na mchumba wake kwenye simu, nasikia. Jirani akikohoa, nasikia. Mwanzoni nilidhani nyumba ile itanitia wazimu. Leo naona hakuna mahali pengine ambapo ningeweza kuzielewa zile filamu, kwa sababu filamu zenyewe zilikuwa zinahusu hilo hilo: watu wawili waliooana, kuta nyembamba, na dunia nzima inayopiga kelele nje ya dirisha.

Zilikuwa filamu za Kijapani za kuchekesha, nyeusi na nyeupe, za wakati ule sinema ilipoanza kupata sauti. Hazina samurai wala upanga. Kuna karani wa ofisini anayepanda treni asubuhi kwenda mjini, na mke anayebaki kwenye kijumba kipya pembezoni mwa mji, mahali ambapo jana palikuwa shamba la mboga. Watengenezaji wake walikuwa kama mtoto aliyepewa ngoma: wamepata sauti, basi kila kitu kitalia. Mtoto analia, nyundo inagonga, mwuza tofu, ile jibini ya soya, anapuliza tarumbeta yake, redio ya jirani inaimba, na katikati ya hayo yote mume anajaribu kumdanganya mkewe. Nilikuja Sydney kusoma jambo jingine kabisa. Lakini siku moja darasani mwalimu wetu, mama aliyezaliwa Osaka ambaye sote tulimwita Sensei, alituonyesha kipande cha filamu ya namna hiyo. Mume amerudi amechelewa, anaeleza kwa nini, na mke anajibu neno moja tu. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi niliangua kicheko. Sensei akasimamisha filamu.

"Umecheka nini?" akaniuliza.

"Nimemcheka huyo mwanaume," nikasema. "Mkewe kamwambia 'sawa', na yeye kashukuru. Kwetu Tanga, mwanamke akikwambia 'sawa' kwa sauti ile, bora ulale kwa jirani."

Darasa likacheka. Sensei hakucheka, alinitazama tu, na baada ya kipindi akaniita ofisini, tukanywa chai ya kijani isiyo na sukari, akaniuliza kama ningependa kuandika tasnifu juu ya filamu hizo chini yake. Nikakubali kabla sijamaliza kikombe. Watanzania wenzangu tulipokutana kwenye pilau za Jumapili walinishangaa. "Mtanga na Wajapani wapi na wapi?" waliuliza, na mmoja aliyekuwa mhasibu akanishauri nibadili somo mapema nisije nikarudi nyumbani na shahada ya vichekesho. Hata Akinyi, aliyezitazama pamoja nami huku tukila maharage, alilalamika. "Mwana, hii movie yako haina hata gari, jo. Ni mzee na bibi yake wanakosana tu juu ya chai." Nikamwambia ndiyo utamu wake. "Utamu gani? Hiyo niliiacha nyumbani," akasema, lakini hakuinuka mpaka ikaisha.

Jumamosi nilikuwa napanda treni hadi Macquarie Fields, viungani mwa Sydney, kuwafundisha Kiswahili watoto wa Kikongo kwenye ukumbi wa mtaa. Watoto wale walikuwa wanaelewa kila neno, na kila neno walilijibu kwa Kiingereza. Baada ya somo nilikula kwa Mama Riziki, huyo mjane wa msibani. Alikuwa anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, na sombe yake, kisamvu cha Kikongo, hata ile ya kununuliwa imeganda barafu, ilikuwa inanukia mpaka barabarani. Nyumba yao ilikuwa ya serikali, ya matofali, mstari mmoja na nyingine zinazofanana nayo, nyuma yake reli, mbele yake majirani wanaokata nyasi Jumamosi wote kwa wakati mmoja, na juu ya nyaya kasuku weupe wanaopiga mayowe kama wamefiwa. Mara ya kwanza nilipoketi kwenye ile meza nilitaka kucheka, maana nilijiona nimeingia ndani ya filamu yangu. Lakini mle ndani palikuwa na kimya kisichochekesha.

"Riziki," akasema baba, mwanaume mrefu mwenye shati la kazi, macho kwenye ugali, "ambia mama yako hita iko inawaka bure."

"Mum, Dad says the heater's on," akasema Riziki, ambaye hakuwa amegeuza hata shingo.

"Ambia baba yako nasikia baridi."

"Dad, she's cold."

Walikuwa wameketi wametazamana, magoti yao yanakaribia kugusana. Nilipokwenda jikoni kusaidia kuosha vyombo, Mama Riziki alifungua bomba kwa nguvu ili maji yafunike sauti. "Nilipata nafasi ya kusoma unesi, mwalimu. Miaka yote niko naosha wazee, sasa wamenikubali shule. Toka siku ile nilimwambia, Baba Riziki amefunga kinywa. Haniongeleshi. Anaongea na batoto tu." Nikamwuliza kama amemkataza. "Angekatalia ningejua la kujibu," akasema. "Hajakatalia. Amenyamaza." Masomo yalikuwa yaanze mwaka mpya, na alitakiwa kuthibitisha kabla majira ya baridi hayajaisha. Baba Riziki kule Uvira alikuwa akiinua mkono kwaya nzima inavuta pumzi. Huku hakuwahi hata kuimba kanisani. Watu walisema ni uchovu wa ghala.

Wazo la kuzionyesha filamu ukumbini lilitoka kwa Sensei, ingawa yeye hakujua. Nilimpelekea sura ya kwanza ya tasnifu, akaisoma, akasema imeandikwa vizuri, kisha akauliza, "Unazitazama na nani hizi filamu?" Nikasema peke yangu, au na mwenzangu. "Kichekesho cha kutazama peke yako ni nusu ya kichekesho," akasema. Nikarudi Kensington nikifikiri. Kwao Japani, kabla sinema haijapata sauti, palikuwa na mtu aliyesimama kando ya pazia la picha akasimulia kila kitu na kusema kwa midomo ya waigizaji wote, na watu walilipa kumsikiliza yeye kuliko kutazama picha. Sauti ilipoingia, wasimulizi hao wakakosa kazi. Kwetu mtu huyo hakufa. Nilipokuwa binti nilimsikia kwenye banda la video, anamsemesha Mchina wa karate Kiswahili cha Chumbageni, mtaa wa kwetu Tanga. Nikasema, kama banda la video lipo duniani, litakuwepo na Macquarie Fields. Mchungaji, aliyeshika ufunguo wa ukumbi, alitaka kwanza kujua kama kuna kubusiana. Nikamhakikishia kwamba katika filamu nzima mume na mke hawashikani hata mkono. Akanipa ufunguo.

Siku ya kwanza nilianguka vibaya. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, wakaja akina mama na wanaume wachache, nikashika kipaza sauti nikatafsiri kila neno kwa Kiswahili safi nilichojivunia. Hadithi ni nyepesi: binti wa bosi anaolewa, wafanyakazi wametakiwa kuimba harusini, na karani wetu hajui kuimba. Kila jioni anabaki mjini kujifunza kwa siri, kwa aibu hamwambii mkewe, na mkewe anaamini kuna mwanamke. "Mume wangu," nilisoma, "umechelewa kurejea nyumbani. Je, kulikuwa na dharura kazini?" Watu walinisikiliza kama wanasikiliza taarifa ya habari. Mama mmoja alisinzia. Kisha, yule mume alipoanza kujikanyaga kutafuta uongo, sauti nzito ikatoka nyuma: "Aseme alikuwa kwa fundi wa baiskeli! Asikubali!" Ilikuwa sauti ya Baba Riziki. Ukumbi mzima ukacheka. Na kabla kicheko hakijatulia, kutoka upande wa wanawake Mama Riziki akalijibu pazia: "Na mukewe ni mujinga? Baiskeli iko wapi?" Hawakutazamana. Lakini nilikuwa nimesimama mbele, naona nyuso zote mbili kwenye mwanga wa picha, na nikajua wanajibizana wao kwa wao.

Wiki iliyofuata nilimfuata Baba Riziki nje alikokuwa anamwagilia nyanya zake. Nikamwambia tutaonyesha tena, na safari hii nataka yeye awe sauti ya mume. Akafunga bomba. "Na mwanamuke ni nani?"

"Mama Riziki."

"Aah. Hapana, mwalimu. Mimi na ule mama hatuna maneno."

"Si wewe utakayesema," nikamwambia. "Ni Mjapani."

Akafikiri sana, akazitazama nyanya. "Bon," akasema. "Kama ni Mujapani."

Tulifanya mazoezi sebuleni kwao, Akinyi akiwa amekabidhiwa kitufe cha sauti. Kazi yake ilikuwa kupunguza wahusika wanapoongea, ili Kiswahili chetu kisikike, na kupandisha pale yanapokuja mambo ya kusikiwa: treni, mwuza tofu, kisu jikoni. Alichelewa mara kwa mara, Kijapani kikalipuka katikati ya Kiswahili, sote tukaruka. Wale wawili walisema maneno niliyowapa, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mazoezi yakiisha, kimya kilirudi mahali pake. Tarehe ya shule ilikuwa inakaribia. Mama Riziki aliniambia jikoni kwamba hatathibitisha. "Shule nitapata siku ingine. Bwana hapatikani ovyo." Nilirudi kwa treni nikiwa na uchungu kana kwamba ni mimi niliyenyimwa.

Ukumbi ulijaa siku ile. Sensei alikuja, koti lake la kijivu limefungwa mpaka shingoni, akakaa mbele karibu na mchungaji. Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyoomba. Baba Riziki alikuwa na kipaji cha uongo wa kuchekesha. Kila udhuru wa yule karani aliutia chumvi ya Uvira, na wanaume walipiga makofi kama wanashangilia timu. Kisha tukafika pale jikoni. Mke anakata figili, amempa mume mgongo, na hasira yake yote iko kwenye kisu: ta! ta! ta! Akinyi aliipandisha sauti ile vizuri kabisa. Mume anaingia. Mama Riziki akasema nilivyomwandikia: "Unatoka wapi?" Baba Riziki akajibu nilivyomwandikia: "Nilikosa treni."

Mke kwenye picha akaweka kisu chini akageuka. Nilikuwa nimemwandikia sentensi moja fupi. Mama Riziki hakuisoma.

"Treni?" akasema. "Ni treni gani inafunga mutu kinywa? Unaniona kila siku kama unaona ukuta. Nilikosa nini? Niliomba kusoma. Sikuomba kuachika."

Watu walicheka mwanzo wake, kisha wakaacha. Nilimwona Akinyi ameondoa mkono kwenye kitufe. Kwenye pazia yule Mjapani alikuna shingo, akafungua mdomo, akaanza udhuru wake mrefu, na hapakuwa na mtu ndani ya mdomo ule. Unacheza, unacheza, hauna sauti. Nilisogea kwenye kipaza sauti nimsaidie, nimpe neno lolote. Baba Riziki akanizuia kwa kiganja.

"Naogopa," akasema. Alisema taratibu, macho kwenye picha, akifuata midomo ya yule mtu kama anafuata noti za wimbo. "Kule kwetu watu walinijua. Hapa wananijua kwa shati. Wewe utasoma, utakuwa mutu mukubwa. Mimi nitabaki na makatoni. Siku moja utaniangalia mbele ya wenzako, utasikia haya. Basi nilinyamaza, nizoee mapema."

Kwenye filamu mume aliinamisha kichwa, kwa kuwa uongo wake ulikuwa umemwishia. Mke alimtazama kitambo. Kisha akageuka akaokota kisu, akaendelea kukata, taratibu sasa. Hapo hata kwa Kijapani hakuna neno. Mama Riziki akavuta pumzi, sote tukaisikia kwenye spika.

"Vua viatu," akasema. "Ukule."

Sijui nielezeje kishindo kile. Vigelegele vilipasua ukumbi, wanaume walisimama, mchungaji akajikuta amemkumbatia Sensei, na mimi niliyekuwa nimesoma vitabu vingi juu ya sauti katika sinema nilisimama pale nikiwa sina hata moja. Mwisho wa filamu karani anarudi nyumbani akiimba wimbo wake wa harusi vibaya, mtaa mzima unachungulia. Tulikuwa tumepanga Akinyi aache Kijapani kiendelee. Baba Riziki akamfanyia ishara apunguze. Akainua mkono wake mrefu, akaanzisha wimbo wa kumpokea bibi harusi, na akina mama wa Uvira, ambao hawakuambiwa, wakapokea kwa sauti nne.

Sensei alinisubiri mlangoni, tukasaidiana kukunja mablanketi. Kiswahili hakujua hata neno, lakini alikuwa analia. "Pale jikoni," akasema, "kwa Kijapani anasema tu kwamba treni ilijaa, akasubiri nyingine. Yule bwana alisema nini?" Nikamtafsiria yote. Akalikunja blanketi mpaka likawa dogo kabisa. "Nimemtazama mwigizaji yule tangu nikiwa mtoto," akasema. "Nilidhani anaona aibu. Kumbe inaweza kuwa woga." Sura niliyoiandika baada ya siku ile ndiyo iliyonipa kila kitu nilichopata baadaye: shahada, kazi, wanafunzi waliokuja kutoka mbali kuniuliza kuhusu figili na kisu. Wapo walioandika kwa ustadi kunizidi, na sioni wivu. Hakuna hata mmoja wao aliyeandika juu ya filamu zile akiwa amezitia ulimi wa mama yake na zikachekesha. Hilo nalisema bila unyenyekevu. Nimekuwa mnyenyekevu kwenye mambo mengine ya kutosha.

Mama Riziki alithibitisha. Masomo yake yalipoanza, jua la Februari linawaka, nilikuwa nimelala kwao, kwa hiyo tulipanda treni ya mjini pamoja. Alikuwa amevaa viatu vipya vilivyombana, begi amelipakata kama mtoto. Behewa lilijaa watu wa ofisini, kimya, kila mmoja na simu yake. Aliniuliza kwa kunong'ona kama darasani unainua mkono au unasema tu. Nikamwambia ainue, halafu aseme hata kabla hajaruhusiwa. Tukiwa tumepita kituo cha Glenfield simu yake ikalia. Katika kuhangaika na begi akabonyeza mahali ambapo sauti inatoka nje, na Baba Riziki akaingia behewani mzima mzima, na sufuria inayotokota nyuma yake.

"Mama Riziki! Hii maharage yako inataka maji mangapi? Mbona inaungua?"

Watu waliinua vichwa. Kijana wa tai akatoa vitu masikioni. Nilinyoosha mkono nimsaidie kupunguza, akanisukuma. Alikaa wima, akaileta simu mbele ya mdomo wake kama kipaza sauti, na kwa ile sauti ya ng'ambo ya mto akamwambia mumewe apunguze moto, aongeze maji ya vikombe viwili, afunike, na asiende popote mpaka atakapompigia tena mchana.